Samaki na mvinyo mwekundu: kosa si la rangi

Kwenye jioni za kuonja mvinyo, kanuni moja hurudiwa kama sala: mweupe kwa samaki, mwekundu kwa nyama. Si uongo mtupu, ila rangi inasingiziwa.

Ile shombo inayobaki mdomoni ukishushia samaki kwa mvinyo mwekundu ina chanzo chake. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walijaribu mvinyo wa aina nyingi, mwekundu na mweupe, pamoja na kombe (viumbe wa baharini wenye magamba mawili) waliokaushwa. Kilichochochea shombo ni madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo, hasa yakizidi miligramu 2 kwa lita. Chuma hicho kilipofungwa kikemikali, shombo ikapungua.

Bahati mbaya, kiasi cha chuma hakiandikwi kwenye chupa, kwa hiyo mwamuzi hubaki ulimi. Pinot Noir, mvinyo mwekundu mwepesi usio na ukakasi mwingi, huelewana vizuri na samoni wa kuchoma. Na Riesling, mweupe kabisa, uchachu wake hukata mafuta ya nyama ya nguruwe barabara.

Ukionja, tafuna samaki, piga funda dogo, kisha subiri kidogo. Shombo huchelewa kujitokeza.