Acheni kung'oa visiki vilivyo hai

Kila Machi hapa Uganda, moto ukishapita Nakasongola au huko juu Acholi, maneno ni yaleyale: "Pori limekufa, leteni miche." Trekta linaingia, visiki vinang'olewa, misonobari inapandwa kwa mistari. Jamani! Pori lile limeungua juu tu.

Kabla hujaagiza mche hata mmoja, chukua panga ukwangue gome karibu na ardhi, upana wa kidole gumba. Ndani pakiwa pabichi, mti upo. Pakiwa pakavu na pa kahawia, zunguka ukwangue upande wa pili, maana mwali hung'ang'ania upande wa shina usiopigwa na upepo. Ukikuta kote kumekufa, fukua shingo ya mzizi. Milama na miti ya jamii ya Terminalia huchipua kutoka hapo mvua zikianza. Kwa hiyo usihesabu wafu kabla ya mvua.

Kambiamu, yaani utando hai ulio chini ya gome, hufa ikifika takriban nyuzi joto 60. Gome likinenepa mara mbili, muda wa kustahimili joto huongezeka karibu mara nne, ndiyo maana mshea mzee (mti wa mafuta ya shea), yaa wa Waacholi, huungua gome na kuendelea na maisha yake. Taabu iko kwenye fito, mashina machanga membamba. Ufito unachipua, unapanda mita moja, unaungua, unarudi chini. Huenda mizizi yake ina miaka 20 na shina lina miezi 10. Halafu mtu anapita na daftari, anaandika "mche mpya". Si mche! Ukichanganya machipukizi na miche, takwimu zako zitasema mbegu zinaota vizuri, kumbe hakuna hata moja iliyoota, na aina zisizojua kuchipua zinatoweka kimyakimya ilhali idadi ya mashina inapendeza. Fukua. Ukikuta mzizi mnene kuliko shina, hilo ni chipukizi.

Usemi unaoniudhi zaidi ni "moto ni moto". Haya, tupige hesabu. Mwezi Februari una tani 4 za nyasi kavu kwa hekta, yaani gramu 400 kwa mita ya mraba. Kilo moja hutoa takriban kilojuli 18,000. Moto ukienda sentimita 30 kwa sekunde, kila mita ya mstari wake inatoa kilowati 2,160. Rudi nyuma hadi mapema Desemba, nyasi zikiwa bado na ubichi: ziungue tani 2 tu, kwa mwendo wa sentimita 10. Kilowati 360. Tofauti ni mara sita, pori lilelile, kiberiti kilekile. Na mwelekeo nao una maana: moto unaorudi dhidi ya upepo una mwali mfupi, hauunguzi matawi, lakini unakaa zaidi shinani.

Kwa hiyo tuchome mapema kila mwaka? (Kwa kibali, tafadhali, sheria ya kukataza kuchoma nyasi ipo tangu 1974.) Vitabu hupenda kusema ndiyo, vikitaja viwanja vya Olokemeji, Nigeria, vilivyoanzishwa 1929: uchomaji wa mwishoni mwa kiangazi uliacha pori wazi kuliko wa mapema, na palipokingwa pakaelekea kuwa msitu. Lakini Olokemeji ni ukingoni mwa msitu wa mvua. Kuyahamishia matokeo yake Karamoja, nchi kame, yakiwa mazima mazima ni uvivu. Pia mshea huchanua kiangazi, kuanzia Desemba hivi, na hapo ndipo imani yangu kwa moto wa mapema inapoyumba. Mbegu yake ina ujanja, ikiota hushusha chipukizi chini ya udongo kwanza, lakini ua halina pa kujificha.

Kuzuia moto kabisa nako si dawa. Aina za msituni huingia, hesabu ya spishi hupanda, watu hupiga makofi. Chini yake nyasi zinafifia na mshea mchanga, usiopenda kivuli, unadumaa. Na moto haufanyi kazi peke yake. Hifadhi ya Murchison Falls ilipoteza miti miaka ya 1950 na 1960 kwa tembo na moto pamoja. Tembo walipouawa kwa wingi miaka ya 1970, miti ikarudi sehemu nyingi ingawa nyasi hazikuacha kuungua. Ng'ombe wakizidi, nyasi hupungua, moto hunyong'onyea, na migunga inajaa hadi mfugaji anakosa pa kupita.

Kwa waliokwisha kata kwa ajili ya mkaa: sogezeni matawi angalau mita mbili kutoka kwenye kila kisiki, kwa sababu matawi makavu yakiwakia juu yake yanaua hata mzizi. Acheni machipukizi mawili au matatu yenye nguvu. Kingeni moto miaka mitatu hadi mitano, mpaka vichwa vivuke kimo cha mwali. Pale tanuri lilipokuwa, udongo umeokwa na mizizi imekufa. Hapo ndipo mpande hiyo miche yenu.