Maandalizi ya upasuaji huanzia wodini

Kazi yangu ni kutoa usingizi, ile ambayo wengi huiita nusukaputi. Mgonjwa hunifikia akiwa ameshapita mikononi mwa watu wengi, na kila mmoja wao anajua jambo ambalo wengine hawalijui.

Chukulia suala la kutokula. Chakula cha kawaida kinatakiwa kikome angalau saa 6 kabla ya usingizi, maji matupu saa 2. Mtu aliyelazwa usingizi kwa dawa hawezi kukohoa wala kumeza. Kilichomo tumboni kikipanda, huingia mapafuni, na hilo linaweza kuua. Uji na chai ya maziwa havihesabiki kama maji. Naweza kuyaandika haya yote kwenye faili, lakini anayejua kwamba ndugu walipitisha uji alfajiri ni muuguzi wa wodi.

Tena kuna wanaofungishwa kupita kiasi. Mgonjwa ameambiwa asile wala kunywa tangu saa sita usiku, ratiba imechelewa, na saa nane mchana bado anangoja. Hizo ni saa 14 bila tone la maji, na hakuna aliyepiga simu wodini kusema anaweza kunywa. Kwa mtoto mdogo hilo ni hatari. Mwenye kisukari tunamtaka awe wa kwanza kwenye orodha, na dozi yake ya insulini ya asubuhi tuipange jana yake: mpasuaji, mimi na muuguzi.

Damu nayo ni hivyohivyo. Fomu ya kuomba damu iliyojazwa si chupa ya damu iliyo tayari. Mtu aongee na maabara.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa ya Ifakara, hapa kwetu Tanzania, na matokeo ya 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kipengele ninachokithamini kuliko vyote ni kile cha kila mtu kutaja jina na kazi yake kabla ya kisu. Muuguzi mgeni aliyekwisha kusikika mara moja haogopi kusema, "Subirini, huyu ana mzio wa penisilini."

Nawe unayekwenda kupasuliwa, taja dawa zote unazotumia, mitishamba ikiwemo, kwani baadhi huchelewesha damu kuganda. Ukiona haya kwa daktari, mwambie sista wa zamu. Atanifikishia.