Je, mchezaji wa pool anaaminika? Utazame mpira mweupe

Ukipita Ngarenaro au Sakina, hapa Arusha, jioni, meza ya pool huikosi. Iko chini ya paa la bati, taa imening'inizwa juu yake, na machalii wameizunguka wakiwa na sarafu mkononi. Jirani atakuambia wale ni wahuni. Mama akisikia kijana anayekuja kuposa kwake anasifika kwa pool, atauliza kwanza kama ana kazi nyingine. Sifa hiyo imetoka wapi, na ina ukweli kiasi gani?

Kwa kifupi, pool ni kati ya michezo migumu kuibia. Mchezaji anaweza kukudanganya, tena vizuri sana, ila mahali anapodanganyia sipo wanapopadhania wengi.

Wengi hudhani ulaghai uko mikononi. Fundi husogeza mpira mkigeuka kuagiza soda, hupaka chaki yenye dawa, au amekula njama na mwenye meza ili iinamie upande anaoujua yeye. Haya hayakosekani kabisa, kama yasivyokosekana popote penye hela. Lakini hebu itazame meza yenyewe. Ina urefu wa futi 7, imemulikwa, na mipira yote 16 iko wazi mbele ya kila mtu. Hakuna karata ya kuficha kwenye mkono wa shati, hakuna upepo wa kusingizia. Walioizunguka wengi wanasubiri zamu yao, na kwa kuwa mshindi habanduki, kila mmoja ana sababu ya kutamani mmoja wenu atolewe. Shati lako likigusa mpira tu, "Faulo hiyo, kaka!" itatoka pande tatu kabla hujainua kichwa. Wachezaji wa kulipwa wa snooker, binamu ya pool, husifiwa kwa kujitaja wenyewe wakifanya faulo ambayo refa hakuiona. Kijiweni hakuna nafasi ya kuonyesha uungwana huo, maana watu huwahi kukutaja.

Hata fundi aliyeiunda meza hakumwamini mtu. Unatia sarafu, unasukuma kishikio, mipira inashuka. Ukiuzamisha mmoja, unabingirika chini kwa chini hadi kwenye sanduku lake na haurudi mpaka sarafu nyingine iingie. Mweupe peke yake hurudi kila unapotumbukia, kwani ndio unaogongwa kwa fimbo ili ugonge mingine, na bila huo mchezo umekufa. Meza inautambuaje? Kuna njia mbili zilizozoeleka. Katika baadhi ya meza mweupe hupishana kidogo na wenzake kwa ukubwa, na njia ya ndani imepimwa ili iuchepushe pembeni. Katika nyingine mweupe una chembe za chuma ndani, na sumaku huuvuta ukipita. Ndiyo maana ukichukua mweupe wa meza hii ukautumia kwenye ile, unaweza kumezwa na wenzake, halafu mkaanza kumtafuta mwenye ufunguo.

Chaki yenye dawa nayo ina asili yake. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1820, mjini Bath, Uingereza, John Carr, mhudumu wa ukumbi wa biliadi (mchezo wa ukoo mmoja na pool), alikuwa akiwaduwaza watu kwa kuupindisha mpira. Walipotaka kujua siri, akawauzia vikopo vya unga wa kupindishia. Ulikuwa chaki ya kawaida. Kazi ya chaki ni kuizuia ncha ya fimbo isiteleze inapougonga mpira mbali na katikati, na mzunguko unatoka kwenye mkono. Carr hakumwibia mtu mchezoni. Aliwaibia dukani.

Basi udanganyifu wa kweli uko wapi? Uko kwenye kitu pekee ambacho taa ya mezani haikimuliki, yaani kiwango cha mtu. Mgeni anaingia, anakosa mipira miwili mitatu ya wazi, analiwa, anacheka, analipia meza. Analiwa tena. Kisha anapendekeza dau lipande kidogo, na safari hii anashinda kwa mpira mmoja, tena ule wa mwisho ulioingia kama kwa bahati. Watu hudhani tapeli wa pool ni yule anayefagia meza nzima. Anayefagia meza hapati mtu wa kucheza naye kesho. Kushinda kwa mpira mmoja ndiko kazi yenyewe, na ni kazi ngumu kuliko kufagia.

Kwa nini hatumgundui? Kwa sababu kwenye pool kukosa kwa makusudi na kukosa kwa kweli hufanana kabisa, na sababu yake ni hesabu ya pembe. Tuseme mweupe uko mita 1 kutoka kwa mpira unaoulenga, na tundu liko nusu mita mbele yake, vyote kwenye mstari mmoja. Fimbo yako ikienda upande kwa robo tu ya digrii, mweupe utafika ukiwa umehama milimita 4 hivi. Milimita 4 si kitu. Lakini mpira una kipenyo cha milimita 50 hivi, na kwa kuwa ni mviringo, kuugonga milimita 4 pembeni kunauondoa kwa pembe ya karibu digrii 5. Robo digrii imezaa digrii 5, kama mara ishirini. Mpaka ufike kwenye tundu, mpira umeshapotea njia kwa sentimita 4, na tundu halikupi nafasi ya sentimita hata 2 kila upande.

Aliyewahi kuangua parachichi kwa mti mrefu analijua jambo hili. Mkono ukitikisika kidogo huku chini, kule juu ncha inapiga tawi la jirani. Mti ukirefuka, kosa linakua. Kwenye pool mti huo umeunganishwa mara mbili, fimbo kwanza, halafu mwendo wa mweupe, kisha mviringo wa mpira unaongeza la kwake.

Sasa rudi kwa mgeni wetu. Ili akose kwa robo digrii, mkono wake wa nyuma, ulioko kama sentimita 75 kutoka ule wa mbele unaoegemeza fimbo, unahitaji kusogea milimita 3. Hakuna jicho la mtazamaji linaloziona milimita 3 kwenye mkono unaokwenda mbele na nyuma. Mpira utagonga mdomo wa tundu, utayumba, utabaki nje, naye atashika kichwa. Hapa hahitaji hata kuigiza sana, kwani hata bingwa hukosa kwa namna hiyohiyo. Mpiga penalti akitaka kupoteza makusudi, kuna ushahidi, maana goli ni pana na alikuwa peke yake na kipa. Kwenye pool goli lenyewe ni jembamba kiasi kwamba kila kukosa kuna udhuru.

Lipo jambo moja ambalo huwa gumu kulificha, nalo ni mpira mweupe unasimama wapi. Mchezaji mchanga hutazama mpira unaokwenda tunduni. Mzoefu huwa ameshaamua mweupe utalala wapi kabla hajainama. Mweupe ukiugonga mpira mwingine kwa pembeni ukiwa unateleza bila kubingirika, na uzito wao ni sawa, huachana kwa pembe ya karibu digrii 90. Ukifika unabingirika, kwa mapigo mengi hupinda kama digrii 30 tu kutoka njia yake ya awali. Mtu aliyezibeba pembe hizo kichwani kwa miaka hawezi kuziacha mlangoni. Atakosa kuuzamisha mpira, sawa, lakini mweupe utakwenda kulala nyuma ya kundi, wewe usione hata mpira wako mmoja. Akikosa tena, tena umefichwa. Bahati mbaya ya kukosa kila mara na bahati nzuri ya kukufungia njia kila mara hazikai mtu mmoja jioni moja.

Tahadhari, usiende kumkunja mtu shati kwa pigo moja. Meza nyingi za mitaani zimetengenezwa upya, kitambaa kimetobolewa na sigara, na sakafu chini yake haiko sawa, hivyo mweupe huenda unakotaka wenyewe. Kama ni meza ambayo mweupe ni mzito kuliko wenzake, pembe nazo hubadilika, kwani huendelea mbele zaidi baada ya kugonga. Na mchezaji wa kiwango cha juu sana anaweza kuharibu hata mahali mweupe unaposimama, kwa makusudi. Ila huyo analipia, kwa sababu sasa anakupa nafasi ya kweli ya kushinda, na hapo utapeli umeanza kufanana na mchezo.

Kuhusu sifa mbaya, sehemu kubwa ilitoka kwenye jengo. Marekani ya karne ya 19 ilikuwa na kumbi za kubetia mbio za farasi, na kati ya mbio moja na nyingine watu walikaa bure. Wenye kumbi wakaweka meza za biliadi ili wateja wasiondoke. Hela zilikuwa zikiliwa dirishani kwa farasi, lakini aliyepita barabarani alikiona kilichokuwa katikati ya ukumbi: meza. Doa likabaki hapo. Willie Mosconi, aliyezamisha mipira 526 mfululizo huko Ohio mwaka 1954, alivaa suti na kuchukia kufananishwa na matapeli hadi mwisho. Rudolf Wanderone, aliyejiita Minnesota Fats, alitembelea jina la utapeli na likamtajirisha kwa umaarufu. Walipokutana mbele ya kamera za televisheni mwaka 1978, Mosconi alishinda bila shida, na bado wengi wanalikumbuka jina la aliyeshindwa.

Kwetu doa lilipakwa na saa. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alipowataka wakuu wa mikoa wasimamie vijana wafanye kazi, mfano alioutoa wa uvivu ulikuwa pool ya asubuhi. Na meza nyingi ziko baa, huku mashindano ya taifa yakijulikana kwa miaka kwa jina la Safari, bia iliyoyadhamini. Baa, asubuhi, vijana, sarafu: ukiweka hata bao la kete katika mazingira hayo, wazee watalikataza.

Utapeli wa kuficha kiwango una udhaifu mwingine: unahitaji wageni. Kijiweni Kwa Mrombo kila mtu anajulikana anapiga vipi tangu yuko shule, kwa hiyo hakuna wa kumdanganya. Fundi wa Arusha anayetaka kula watu itabidi apande basi kilomita 80 hadi Majengo au Pasua, Moshi, na akifika huko atakuta wanamtazama sana, kwa sababu wa kwao nao walishawahi kuja huku. Wanaojuana hufanya kitu kingine. Anayejulikana kuwa mkali huombwa atoe fora, mwenzake aanze akiwa ameshaondolewa mpira mmoja au miwili. Basi wa kuficha uwezo sasa ni dhaifu, au anayejiita dhaifu. Ndiye anayefika amejifunga kitambaa kwenye kiganja, akisema, "Bosi, leo mkono unanisumbua, ongeza mpira wa tatu."