Mgeni wa Jana Hakuwa Mgonjwa

Juma lililopita nililala gesti moja Busia, upande wetu wa Uganda, mpakani na Kenya. Kuingia chumbani nikakuta mto umebonyea umbo la kichwa cha mtu, na kwenye foronya alama ya mate yaliyokauka, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Nikamwita mama mwenye nyumba.

"Aa, musawo," akasema, yaani daktari, "mgeni wa jana hakuwa mgonjwa. Usiku mzima hakukohoa hata mara moja. Hiyo foronya ni safi."

Maneno hayo nimeyasikia kwa madereva, kwa mjomba wangu, kwa wauguzi wenye sare zao, na siku moja kwa bwana mwenye digrii mbili. Nikabadilishiwa foronya. Usingizi ukakataa, basi nikaanza kuandika.

Virusi havimngojei mtu akohoe. Vya korona huzaana puani na kooni hadi vikawa tele siku moja au mbili kabla ya homa, na kuna watu ambao homa yenyewe haiji kabisa. Muda wote huo mwenye navyo anaongea, anacheka, anajikuna pua kisha anazima taa, anatokwa mate usingizini. Nani kati yetu aliyesahau malori ya mwaka 2020 hapa hapa mpakani? Madereva waliopimwa wakakutwa na virusi, na wengi wao walikuwa wanakula vizuri na kugombana na mawakala wa forodha kwa sauti kubwa. Uchina, Machi mwaka huo, wanafunzi wawili waliorudi kutoka ng'ambo waliwekwa karantini hotelini, dalili bado hawana. Vyumba vyao vikapanguswa sampuli 22, na 8 zikatoa RNA ya virusi, yaani chembe zao za urithi. Foronya zilikuwemo. (Mama, unasoma?)

Polio nayo ni hivyo hivyo, walio wengi hawajui kama wanayo. Mwaka 2021 virusi vya polio vilivyotokana na chanjo viligunduliwa Kampala katika maji taka, si kwa mgonjwa. Kuna watu waliokwenda chooni wakiwa wazima wa afya, wakavimwaga humo.

Hapo ndipo huzuka kundi la pili, la wanaoogopa kila kilichoguswa, ambalo kusema kweli linanichosha kuliko mama wa gesti. Hawa ndio waliopuliza klorini barabarani na kuanika noti juani. Siku hizi wananitajia Diamond Princess, ile meli ya watalii iliyokumbwa na korona mwaka 2020: "Virusi vilikaa siku 17!" Hapana. Kilichopatikana siku 17 baada ya abiria kutoka ni RNA, ndani ya vyumba ambavyo havijapigwa dawa, vya wenye dalili na wasio nazo. PCR, kipimo cha maabara kinachotumika hapo, inatafuta vipande vya RNA, haiulizi kama kirusi ni kizima au kilikufa wiki jana. Ukikuta manyoya uani, unajua kuku alipita. Huwezi kuyatia sufuriani ukasema leo tunakula kuku.

Kujua kama kirusi ni kizima, unakiotesha kwenye seli, na kwa korona hiyo ni kazi ya maabara yenye ulinzi mkubwa, si ya chumba chetu chenye feni moja. Yale majaribio ya 2020 yaliyotoa saa 72 kwenye plastiki na 4 kwenye shaba yalifanyika ndani, penye ubaridi wa wastani, kwa dozi nene ya virusi iliyodondoshwa makusudi. Kitasa cha Busia saa saba mchana kina maisha mengine. Kufikia 2021 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilikadiria kuwa kugusa sehemu yenye virusi vya korona mara moja kunaleta hatari iliyo chini ya 1 kwa 10,000.

Ila niungame. Sampuli ikikataa kuota, huenda ni sisi tuliokiua kirusi, kwa kukikwangua kikiwa kikavu na kukisafirisha vibaya. Na aliyeshika swichi ya mgonjwa kwa kawaida alivuta pia hewa ya chumba kile kile. Ukiniuliza ni kipi kati ya hivyo viwili kilichomwambukiza, nitakujibu kwa kujiamini kuliko ninavyostahili.

Halafu virusi havifanani. Norovirusi, ya kuhara na kutapika, haina utando wa mafuta, kwa hiyo sanitaiza ya alkoholi haiisumbui sana. Inatosha chembe chache, na mpishi aliyepona anaweza kuendelea kuitoa kwa wiki kadhaa. Huyo kitasa chake ninakiogopa kweli.

Na Ebola? Kwa Ebola, mama wa gesti angekuwa karibu na ukweli: aliyeambukizwa haambukizi wengine mpaka dalili zianze, na hatari kubwa ni majimaji ya mgonjwa na ya maiti. (Shahawa za waliopona ni habari nyingine.) Tumeyahubiri hayo Ebola ilipozuka Gulu mwaka 2000, tukayahubiri tena Mubende 2022, redioni na makanisani: hana dalili, msimkimbie. Tulifanya vizuri. Lakini nashuku somo hilo ndilo watu walilolibeba wakalivika kila kirusi, na waliolifundisha ni sisi.

Asubuhi nikamweleza mama yote haya, kwa ufupi kuliko hapa. Akauliza kama inabidi apulize dawa chumba kizima. Nikamwambia hapana: afue foronya na shuka kila mgeni akitoka, afungue dirisha, apanguse swichi, kitasa na bomba kwa maji ya sabuni.

"Sabuni nayo ni pesa, musawo," akasema, akaongeza elfu mbili kwenye hesabu yangu.