Umeme wa ubongoni na miguu inayoganda: swali la kwanza kabla ya upasuaji

Mzee anatembea sebuleni bila shida. Akifika mlangoni, miguu inaganda. Kiwiliwili kinaenda mbele, nyayo zimebaki palepale, na asipopata wa kumdaka anaanguka. Wanaouguza mgonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemeko na kuharibu mwendo, wanalijua jambo hili, ndiyo maana wengi wakija kliniki huuliza: ile mashine ya kuweka ubongoni, itamrudishia miguu?

Nasi huwauliza: saa ile vidonge vyake vya Parkinson vimemkolea, anatembeaje?

Mashine yenyewe ni nyaya nyembamba zinazoingizwa kupitia matundu madogo ya fuvu hadi kwenye viini vilivyo ndani kabisa ya ubongo. Kutoka hapo waya hupita chini ya ngozi ya shingo mpaka kwenye betri iliyozikwa kifuani, chini ya mtulinga. Betri hutuma mapigo madogo ya umeme, mara nyingi kama 130 kwa sekunde. Njia hii ilianzia Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987. Zamani madaktari waliunguza sehemu ndogo ya ubongo ili kutuliza mtetemeko. Profesa Alim-Louis Benabid na wenzake wakaona kwamba umeme wa kasi unautuliza bila kuunguza kitu, na ukizimwa mtetemeko unarudi. Marekani iliruhusu tiba hii kwa mtetemeko mwaka 1997, na kwa dalili nyingine za Parkinson mwaka 2002.

Video za mkono unaotulia mara swichi inapowashwa zimetupa kazi ya ziada, maana mtazamaji hudhani miguu nayo itafuata. Mkono unaotetemeka unaweza kutulia kwa umeme hata pale vidonge viliposhindwa. Mwendo ni mara chache kuwa hivyo: kwa kawaida umeme haumfikishi mgonjwa mbali kuliko alipofikishwa na levodopa, dawa iliyo katika vile vidonge, katika saa yake nzuri. Faida yake ni kurefusha saa hizo nzuri na kupunguza zile mbaya.

Kwa hiyo tunapima. Mgonjwa huja asubuhi akiwa hajameza vidonge tangu usiku, kwa maelekezo ya daktari (tafadhali msimkatizie dawa wenyewe nyumbani). Anainuka kitini, anatembea ukumbini, anageuka, anapita mlangoni. Kisha anapewa dawa, anasubiri zikolee, anarudia yote. Kama alikuwa ameganda na sasa anageuka vizuri, kuna la kuzungumza na daktari wa upasuaji. Kama vidonge vimelegeza mikono lakini miguu bado inanata sakafuni, au anapepesuka na kuanguka chali hata baada ya dawa, tunasema wazi kwamba upasuaji huenda usimsaidie katika hilo. Mizani ya mwili hutegemea pia njia za shina la ubongo, sehemu ya chini inayoungana na uti wa mgongo, ambazo hazifuati peke yake dopamini, ile kemikali ya ubongo inayopungua katika Parkinson. Wapo waliojaribu kupeleka umeme huko kwenye shina, matokeo yakatofautiana mno kati ya mgonjwa na mgonjwa.

Aliyekwishawekewa mashine kisha mwendo ukaharibika, arudi arekebishiwe. Kwa baadhi, kushusha mapigo hadi 60 kwa sekunde hupunguza kuganda, ingawa mtetemeko unaweza kujitokeza tena.

Hatari zipo: damu kuvuja ubongoni, maambukizi, usemi kuwa mzito. Na wenzangu wa mazoezi ya viungo, msimtibu mwenye mashine hii kwa diathemi (tiba ya kupasha joto ndani ya mwili kwa mawimbi), hata gotini. Joto linaweza kusafiri kwenye waya na kuunguza ubongo.

Wakati mnasubiri kipimo, bandikeni vipande vya utepe sakafuni mlangoni, vikiwa umbali wa hatua moja, avikanyage kimojakimoja. Akiganda, msimvute mkono, ndivyo wanavyoangushwa wengi. Asimame kwanza, ahamishe uzito kushoto na kulia, ahesabu hadi tatu, ndipo anyanyue mguu. Kugeuka, azunguke kwa upana kama gari kubwa.

Siku ya kipimo njooni na vidonge vyake, na avae viatu anavyovaa nyumbani.