Boila haimalizi maji: ukweli kuhusu presha inayoshuka

Uingereza wapo wanaoamini kwamba boila ya kupasha nyumba joto hutumia maji, hivyo kuyaongeza kila wiki ni jambo la kawaida. Si kweli. Katika mfumo uliofungwa, maji ni yaleyale, yanazunguka kati ya boila na radieta, yaani vyuma vya ukutani vinavyopasha vyumba joto. Presha ikishuka mara kwa mara, yanavuja mahali fulani.

Mfumo ukiwa baridi, kipimo cha presha kwenye boila kisome bar (kizio cha presha) 1 hadi 1.5. Kikishuka baada ya kutoa hewa kwenye radieta, jaza mara moja, funga kabisa vali za bomba la kujazia, basi. Kikishuka tena, kagua maungio na vali za radieta.

Dalili inayopuuzwa zaidi ni hii: boila ikiwaka, mshale unapanda karibu na 3, ikipoa, unaanguka chini ya 1. Hapo tangi la upanuzi, lenye hewa inayoyapa maji moto nafasi ya kupanuka, limepoteza hewa yake. Maji yanayopanuka yanakosa nafasi, vali ya usalama inafunguka kwenye bar 3, nayo yanamwagika kupitia bomba dogo la shaba ukutani nje. Litazame kama linadondosha.

Kila ujazo mpya huingiza oksijeni na kupunguza nguvu ya dawa ya kuzuia kutu. Radieta za chuma huliwa, na tope jeusi huziba pampu. Usifungue kasha la boila mwenyewe; mwite fundi aliyesajiliwa na Gas Safe, rejista rasmi ya mafundi wa gesi Uingereza.