Mvua ikinyesha Niassa, mafuriko hufika Kitaya

Watu wa Kitaya, Mahurunga na Kilambo, vijiji vya Mtwara vilivyo kando ya Mto Ruvuma, wamezoea jambo ambalo mgeni kutoka Mtwara mjini hulishangaa: Ruvuma kujaa huku jua linawaka na kijijini halijadondoka tone. Mwaka mmoja, baada ya mkutano wa elimu ya maji, mama mmoja alinipeleka hadi shambani kwake bondeni. Mpunga ulikuwa umefunikwa, ncha tu za majani zikichezacheza juu ya maji mekundu ya udongo. "Mwanangu," akaniuliza, "hii mvua ya wapi?"

Kazi yangu ni kutoa elimu ya rasilimali za maji katika bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, na sijawahi kuulizwa swali bora zaidi ya hilo. Ruvuma unaanzia milima ya Matogoro, karibu na Songea, na sehemu kubwa ya safari yake ni mpaka wetu na Msumbiji. Tukiutazama kwenye ramani tunaona mstari unaogawa nchi mbili, tukadhani na maji yamegawanywa vivyo hivyo, nusu kwa nusu. Sivyo. Takribani theluthi mbili za eneo linaloleta maji mtoni ziko Msumbiji, theluthi moja iko Tanzania, na kipande kidogo, chini ya asilimia moja, kiko Malawi. Mto Lugenda, ambao ndio mkubwa kati ya mito inayoingia Ruvuma, unaanzia upande wa Ziwa Chiuta mpakani mwa Malawi, unapita mkoa wa Niassa huko Msumbiji, kisha unaungana na Ruvuma maeneo ya Negomano, jirani na Mtambaswala lilipo Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010. Kuanzia hapo kushuka hadi baharini, mto hubeba mvua za nchi tatu. Kwa hiyo yale maji shambani kwa yule mama huenda yalinyesha siku kadhaa nyuma, mahali ambapo hajawahi kufika.

Ndiyo maana nasema elimu ya maji inayotolewa upande mmoja tu wa Ruvuma ni nusu elimu.

Chukua suala la uvuvi wa sumu. Kila nikikaa na wavuvi wa upande wetu nikauliza nani anatia mtoni utupa, ule mmea wa sumu ya samaki, jibu ni lile lile: "Wa ng'ambo." Nilipopata nafasi ya kukaa na wenzao wa upande wa pili, nikauliza swali hilohilo kwa Kiswahili hichohicho, nao wakanyoosha kidole kuelekea kwetu: "Wa ng'ambo." Utupa unapopondwa na kutiwa kwenye maji ya kiangazi yaliyotuama, haumchagui samaki mkubwa. Unaua na vifaranga ambavyo vingekuwa kitoweo cha mwakani, na maji hayohayo ndiyo bibi anayachota hatua chache chini, kwenye kidimbwi alichochimba mchangani. Nimemtazama akisubiri tope litulie, kisha akichota kwa kata, polepole, asitibue. Kwake yeye sumu ni sumu, iwe imetoka ukingo huu au ule.

Bahati yetu ni kwamba tuna nyenzo ambayo mabonde mengi ya pamoja hayana. Wamakonde wako Newala na wako Mueda, ng'ambo Msumbiji. Wamakua na Wayao wako pande zote mbili. Kiswahili kinasikika sokoni Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji unaopakana nasi, kama kinavyosikika Masasi. Watu wanaoana, wanazikana, wengine wanalima ng'ambo na kurudi jioni kwa mtumbwi. Ujumbe ukitungwa vizuri kwa Kimakonde mara moja, unaweza kusikika kwenye redio za jamii za nchi zote mbili bila kutafsiriwa tena. Kinachotukwamisha ni kuutunga kila mmoja peke yake, huku tunasema shamba likae mita hizi kutoka mtoni, kule wanasema mita zile, na mwananchi mwenye ndugu pande zote anaishia kutomwamini yeyote.

Msingi wa kisheria upo. Nchi za SADC, jumuiya ya maendeleo ya kusini mwa Afrika, zilitia saini mwaka 2000 itifaki iliyorekebishwa kuhusu mito na maziwa ya pamoja, nayo ikaanza kutumika mwaka 2003. Inazitaka nchi kugawana maji kwa haki, kupeana takwimu, na kuarifiana haraka panapotokea dharura kama mafuriko. Mwaka 2006 Tanzania na Msumbiji zikakubaliana kuwa na tume ya pamoja ya maji ya Ruvuma. Mashambulizi yaliyoanza Cabo Delgado Oktoba 2017 yameifanya kazi ya mpakani kuwa ngumu, na familia nyingi za kando ya mto zimepata machungu ambayo hakuna semina ya maji inayoweza kuyafuta. Lakini mto haukusimama, na haja ya kuarifiana ndiyo kwanza imeongezeka.

Niseme kidogo kuhusu kipimo. Pale mtoni utaona bamba lenye namba kama rula, limesimikwa ndani ya maji. Msomaji wa vipimo huandika kina kila siku. Namba hiyo ikibaki daftarini haimsaidii mkulima. Ikifika kwa mwenyekiti wa kijiji kilicho chini ya mto kabla maji hayajafika, inaokoa gunia la mbegu, mbuzi, pengine na mtoto. Namba za Lugenda zinasomwa Msumbiji, wanaozihitaji wako Kitaya. Ushirikiano wa kikanda, ukiuondolea maneno makubwa, ni hiyo namba kuvuka mto.

Mikutanoni huwa naulizwa mbona bomba halitoi maji. Bodi ya maji ya bonde haisambazi maji ya bomba; husimamia maji yakiwa bado mtoni na ardhini, na kutoa vibali vya kuyatumia. Bomba la Mtwara mjini ni la MTUWASA, mamlaka ya maji ya mji huo, la vijijini ni la RUWASA, wakala wa maji vijijini. Nalisema hili kila mara ili mtu asipoteze nauli.

Juu ya uwanda wa Makonde mambo ni mengine kabisa. Newala na Tandahimba hawana mto mlangoni, mchanga hunywa mvua yote, na maji yako chini sana. Mueda, ng'ambo, wana shida ileile. Hapa elimu ya kubadilishana ni ya kuvuna mvua. Bati la mita za mraba 50, kwa mvua ya milimita 900 kwa mwaka, hupokea lita 45,000. Toa sehemu ya tano inayopotea, zinabaki 36,000, yaani ndoo 1,800 za lita 20. Familia ya watu watano wakitumia ndoo moja moja kwa siku, hayo ni maji ya siku 360. Hakuna tangi la nyumbani la kuyabeba yote, lakini tangi la ardhini la lita 18,000 linavusha kiangazi cha miezi sita. Mafundi wa Newala wanajua kulisakafia lisivuje. Ujuzi huo unastahili kuvuka mto pia.

Kwa mnaolima bondeni: sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli zisizo rafiki zikae mita 60 kutoka mtoni, na matete mnayoyafyeka ndiyo yanayoshika ukingo usimeguke na shamba lenu. Na msimu huu, mkiona maji yamegeuka mekundu au yanabeba magogo wakati kwenu hakujanyesha, msisubiri jioni. Mwambieni mwenyekiti wa kijiji, kisha mpigieni simu ndugu yenu wa ng'ambo aliye chini zaidi ya mto, ahamishe mbuzi na mitumbwi kabla ya giza.